Bango Linalokera na Bango Linalodanganya

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, ndugu wataalamu wa halmashauri, na ninyi wachoraji na wenye kampuni za mabango mliokaa kule nyuma karibu na mlango kama watu wanaotarajia kufukuzwa: asanteni kwa kunialika.

Nimepewa nusu saa ya kuzungumzia rasimu ya sheria ndogo ya mabango na matangazo. Rasimu ni ndefu, na sehemu kubwa yake sina ugomvi nayo. Umbali wa bango kutoka njia panda, uimara wa nguzo, mwanga wa mabango ya kielektroniki usiku, hayo wahandisi wameyaandika vizuri; naomba yapite. Mimi nimekuja kwa ajili ya kifungu cha saba, sentensi moja: "Ni marufuku kwa mtu yeyote kuweka au kuonyesha hadharani bango lenye kukera, kuchukiza au kupotosha umma." Chini yake kuna faini, na chini ya faini kuna maelezo kwamba atakayeamua ni ofisa aliyeteuliwa na mkurugenzi.

Nilipokisoma mara ya kwanza nilikipenda. Ni kifupi, na hakuna diwani atakayepoteza kura kwa kukiunga mkono. Nilipokisoma mara ya pili nikamkumbuka daktari wa meno.

Nieleze. Kabla sijawa ofisa wa vibali nilikuwa msaidizi wa mchoraji mabango. Kazi yangu ilikuwa kupiga mistari kwa penseli na kuosha brashi. Siku moja akaja mteja na karatasi, anataka kibao kisemacho DAKTARI BINGWA WA MENO. Bosi wangu hakumuuliza cheti. Alihesabu herufi, maana tulitoza kwa herufi. Mteja akapiga hesabu na yeye, akakuna kichwa, akasema basi, toeni "bingwa". Akashushwa cheo na bei ya rangi. Kibao kikapandishwa. Baadaye sana tukaja kujua kwamba chuo cha udaktari wa meno alikuwa akikiona kwa nje tu.

Mwezi uleule tulimchorea mama mmoja, fundi cherehani, kibao cha nguo za ndani za kike. Kilikuwa na sidiria moja, ya waridi, imechorwa kwa heshima zote. Hazikupita siku mbili majirani wakaenda halmashauri kulalamika kwamba watoto wanapita pale. Alasiri ileile ofisa akaja na ngazi. Kibao cha sidiria kikashuka. Kibao cha meno kiliendelea kuning'inia mpaka rangi ikabanduka yenyewe.

Ofisa yule hakuwa mtu mbaya. Alifanya kile ambacho sheria ya namna hii humfanya mtu akifanye. Aliyekerwa huja ofisini siku hiyohiyo, tena haji peke yake. Aliyedanganywa hukaa kimya: ama anaona haya kusema kwamba aliuziwa mbuzi kwenye gunia, ama bado hajajua kilichomo guniani. Ukiyaweka malalamiko yote mawili kwenye faili moja, chini ya kifungu kimoja, la kwanza litalimeza la pili kila siku. Ndiyo maana nimekuja kuomba kifungu hiki kipasuliwe.

Tuyatazame maneno yenyewe, kwa sababu Kiswahili chetu kimeshatufanyia nusu ya kazi. Kero ni ya anayekerwa. Bango linaweza kunikera mimi, likamchekesha mke wangu, na mwanangu akapita bila kuliona. Bango lenyewe halijabadilika hata herufi. Kuchukiza ni hivyohivyo. Tusi ni jambo jingine: tusi lina anayetukanwa, unaweza kumtafuta ukamkuta. Kudhalilisha kuna mtu au kundi linaloshushwa utu wake. Kuchochea kuna kitendo kinachoitishwa. Waandishi wa rasimu walikuwa na maneno yote haya mezani, wakachagua mawili yasiyomwonyesha aliyeumizwa.

Upande wa uongo lugha ni tajiri zaidi. Tunasema kutia chumvi, kupamba, kuficha, kupotosha, kudanganya, kutapeli, na kila mmoja wetu anajua kwamba hayalingani. Mtu akiandika "kinyozi namba moja duniani" ametia chumvi. Hakuna atakayepanda ndege kumfuata. Akiandika "chuo kimesajiliwa" na hakijasajiliwa, huyo ametapeli, na kuna mzazi atakayeuza kitu alipe ada. Kupotosha, ambalo rasimu imelichagua, ni neno zuri sana. Mtu alikuwa anaelekea huku, bango likampindisha kule. Unaweza kuuliza: bango lilisema nini, ukweli ulikuwa upi, na mtu alifanya nini kwa kuliamini? Hayo yana majibu. "Je, lilikera?" halina jibu, lina kura tu.

Sasa niwapeleke London, mwaka 2015, maana pale mambo haya mawili yaligongana waziwazi.

Kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi lilibandikwa tangazo la njano la kampuni ya Protein World, inayouza unga wa kupunguza uzito. Lilikuwa na picha ya mwanamke mwembamba aliyevaa nguo za kuogelea, na swali: je, mwili wako uko tayari kwa ufukwe? Watu walikasirika. Wengine waliandika majibu juu ya mabango yenyewe. Ombi la kutaka liondolewe lilipata saini zaidi ya 70,000, na chombo kinachosimamia maadili ya matangazo nchini Uingereza, ASA, kikapokea malalamiko 378. Wengi walisema tangazo linawadhalilisha wanawake wasio na mwili kama ule.

ASA walifanya mambo mawili. Jambo la kwanza halikuwa na kelele: waliyaangalia madai ya afya na ya kupunguza uzito yaliyokuwa kwenye tangazo, wakayatilia shaka, wakasema kwa sababu hiyo tangazo halitaruhusiwa kuonekana tena kwa sura ile. Jambo la pili, miezi michache baadaye, waliamua lile ambalo watu wote walikuwa wanalisubiri: je, linaudhi kiasi cha kuvunja kanuni? Jibu likawa hapana.

Naomba mlitafakari hilo, waheshimiwa. Saini 70,000 za hasira hazikulifungia bango. Lilifungiwa lisirudi na swali la karani mwenye subira: mna ushahidi gani kwamba unga huu unafanya mnachosema? Na naamini, ingawa siwezi kuthibitisha, kwamba wengi waliotia saini hawakuwahi kujua hilo.

Kisa hakijaisha. Mwaka 2016 Meya wa London, Sadiq Khan, alitangaza kwamba usafiri wa umma wa jiji hautapokea tena matangazo yanayowafanya watu waionee haya miili yao. Je, si ndiyo kukera kulekule? Ndiyo, lakini angalieni alisimama wapi aliposema. Hakusema kwamba ni kosa la jinai. Hakumtoza mtu faini kwa bango lililo kwenye ukuta wake binafsi. Alizungumza kama mwenye ukuta: vituo ni vyetu, mabasi ni yetu, na sisi wenye nyumba tunachagua tutakachokitundika. Mwaka 2019 wakaongeza vyakula vyenye mafuta, chumvi na sukari nyingi kwa njia hiyohiyo.

Halmashauri yenu ina kofia hizo mbili pia. Kofia ya mwenye mali: vituo vya mabasi, nguzo za taa, viwanja vya michezo, uzio wa ofisi hii. Kofia ya mtawala: nguvu ya kuingia kwenye kiwanja cha mtu na kung'oa alichokiweka. Ukivaa ya kwanza unaweza kuwa mchaguzi, mradi masharti yako yameandikwa na ni yaleyale kwa wote. Hata hapo kuna mipaka, maana jiji haliwezi kumnyima mpinzani wa meya nafasi kisha likasema ni suala la ladha. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Kanada iliikatalia mamlaka ya usafiri ya eneo la Vancouver kuyafungia mabasi yake matangazo ya kisiasa; ilisema hata ubavu wa basi ni mahali pa watu kusema. Ukivaa kofia ya pili, unatakiwa ujizuie zaidi. Kifungu cha saba kinazivaa zote mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine.

Kuna mwanasheria hapa mbele amekunja uso. Nadhani anataka kuniuliza kama miji mingine haijawahi kutumia neno pana likafanya kazi. Imetumia. Uingereza mwaka 1889 ilipitisha sheria ya matangazo machafu. Shida iliyokuwepo ilikuwa ya kweli: kuta na vyoo vya umma vilijaa karatasi za matapeli waliodai kutibu kaswende na kisonono. Wagonjwa walikuwa wanaibiwa pesa na wanaendelea kuoza. Wabunge wangeweza kusema: huu ni uongo, tuuadhibu kwa kuwa ni uongo. Wakaona rahisi kusema: huu ni uchafu. Sheria ikatamka kwamba tangazo lolote linalohusu maradhi hayo lihesabiwe kuwa chafu. Angalieni upana huo. Tapeli na daktari wa kweli waliingia wavu mmoja, kwa sababu kosa lilikuwa kuutaja ugonjwa. Ilibidi waje tena mwaka 1917 na sheria nyingine ya kuwazuia wasio na sifa wasitibu maradhi hayo wala kujitangaza, yaani waje kwenye uongo waliouruka miaka ishirini na minane kabla. Ile ya 1889 ilikuja kufutwa mwaka 1981.

Kiswahili kingesema walipiga kivuli cha nyoka.

Na Marekani kuna miji miwili ambayo ningependa kila diwani aijue. Wa kwanza ni Willingboro, New Jersey. Miaka ya 1970 wenyeji weupe walikuwa wanahama kwa hofu kadiri familia nyeusi zilivyohamia, na kila kibao cha "Inauzwa" kiliongeza hofu. Halmashauri, kwa nia njema kabisa, ikapiga marufuku vibao vya "Inauzwa" mbele ya nyumba. Mahakama ya Juu iliifuta sheria hiyo mwaka 1977. Sababu yake ni nyepesi kuieleza na ngumu kuimeza: nyumba zilikuwa zinauzwa kweli. Halmashauri haikuwa inapambana na uongo. Ilikuwa inawaficha watu jambo la kweli kwa kuogopa watakalolifanya wakilijua.

Mji wa pili ni Gilbert, Arizona. Huko sheria ndogo ilikuwa na vyumba kama kabati la dawa. Bango la kisiasa liliruhusiwa kuwa na ukubwa wa hadi futi za mraba 32. Bango la itikadi, 20. Kibao cha muda cha kuelekeza watu kwenye shughuli, 6 tu, tena kiwekwe si zaidi ya saa 12 kabla ya shughuli na kiondolewe ndani ya saa moja baada yake. Kanisa dogo lisilo na jengo, ambalo liliabudu leo hapa kesho pale, lilikuwa likiweka vibao Jumamosi kuwaelekeza waumini wa Jumapili. Likaandikiwa makosa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2015 majaji wote tisa walikubaliana kwamba mji umekosea. Ili ujue kibao kinaingia chumba gani, ilikuwa lazima ofisa akisome kwanza, na kadiri kilivyosema ndivyo kilivyopata ukubwa wake.

Sisemi sheria ya Marekani ni yetu. Kila nchi ina katiba yake na sheria mama yake, na sheria ndogo haiwezi kuvuka vichwa vya wakubwa zake. Ninachotaka mchukue ni kipimo cha kazi: ofisa wako akifika mbele ya bango, ashike futi kamba kwanza, au aanze kwa kusoma? Uingereza wenyewe kwa kiasi kikubwa wameamua ashike futi kamba. Halmashauri ya mji wa England inapotoa au kunyima kibali cha bango hutazama mambo mawili, mandhari na usalama. Maneno yaliyomo yana wasimamizi wao kwingine. Si uvumbuzi wa juzi. Karne ya 18 mitaa ya London ilikuwa na vibao vizito vya chuma na mbao vilivyotokeza juu ya vichwa vya wapita njia. Mwaka 1718 kimoja, katika kichochoro cha Bride Lane, kiliung'oa ukuta kikaua watu wanne. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini, hadi 1762, kuamriwa kwamba vibao vishushwe au vibandikwe bapa ukutani. Waliokufa hawakuuawa na maandishi.

Basi, kwenye kukera, ombi langu ni dogo. Futeni neno lenyewe. Mahali pake andikeni orodha fupi ya vitu ambavyo watu watatu wasiojuana wakivitazama watakubaliana vipo au havipo: picha ya uchi, picha ya maiti au ya jeraha lililo wazi, maneno yanayomtukana mtu au kundi kwa asili yake, dini yake, jinsia yake au ulemavu wake, wito wa kumdhuru mtu. Vingine vyote vinavyowaudhi watu, na ni vingi, vishughulikieni kwa ukubwa na mahali: umbali kutoka geti la shule, urefu kutoka ardhini, saa za kuwaka. Na sidiria ya waridi mtaiacha mahali pake.

Sasa nirudi kwenye uongo, kwa sababu hapa ndipo ningependa muwe wakali kuliko rasimu ilivyo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Zamani huenda ilikuwa hivyo. Leo vyote viwili vinatembea, kwenye bango la ukubwa uleule, wakati mwingine nguzo moja huku na huku. Mpita njia hana namna ya kuvitofautisha akiwa ndani ya basi. Kwa hiyo swali la nani athibitishe ni kubwa kuliko ukubwa wa faini. Rasimu inamwachia ofisa athibitishe kwamba dai ni la uongo. Ofisa mmoja, pikipiki moja, mabango mia tano! Geuzeni mzigo. Ningeandika hivi: "Mwenye bango lenye dai linaloweza kuthibitishwa atawasilisha ushahidi wa dai hilo ndani ya siku 7 tangu aombwe kwa maandishi, asipowasilisha, bango litashushwa kwa gharama yake." Ofisa hahitaji tena kuwa mtaalamu wa viwanja, wa meno na wa mikopo kwa wakati mmoja. Anahitaji barua na kalenda. Unasema viwanja vyako vina hati? Lete nakala. Unasema una leseni ya kupeleka watu kazini nje ya nchi? Iko wapi? "Punguzo la mwisho, tunafunga duka", nalo limening'inia mwaka wa pili? Njoo utueleze mnafunga lini, tuje kuagana.

Mtauliza, na chumvi je? Hapo kuna kesi ya zamani inayosaidia, ya Uingereza, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwishoni mwa 1892. Kampuni iliyouza kidude cha kuvuta moshi wa dawa ilitangaza magazetini kwamba itampa paundi 100 yeyote atakayekitumia kama ilivyoelekezwa kisha akaugua mafua makali. Bi. Carlill alikinunua, akakitumia mara tatu kwa siku kwa wiki nyingi, akaugua. Akadai paundi zake. Kampuni ikajitetea kwamba yale yalikuwa maneno ya tangazo tu, chumvi, hakuna anayeyachukulia kwa uzito. Majaji wakaliangalia tangazo tena: lilikuwa limesema kwamba paundi 1,000 zimewekwa benki kuonyesha kwamba kampuni haina mzaha. Bi. Carlill akalipwa.

Mpaka wa chumvi umo humo. "Bora kuliko zote" ni majigambo, kila msikilizaji anayapunguza mwenyewe. Ukiweka namba, muda, jina la chombo cha serikali au cheti, umeondoka kwenye majigambo, umeingia kwenye dai. Ofisa anaweza kufundishwa hilo asubuhi moja.

Ila afundishwe pia kucheka. Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano mwaka 79, umeachwa na kuta zilizojaa maandishi ya rangi ya kampeni. Mgombea mmoja, Vatia, alikuwa anatafuta nafasi ya kuwa msimamizi wa barabara na masoko, yaani kazi ya baadhi yenu. Ukutani pameandikwa kwamba wezi wadogo wanaomba Vatia achaguliwe. Pengine pameandikwa kwamba walevi wa usiku wote wanamuunga mkono. Hilo ni bango la kupotosha? Mimi naona wapinzani wake walikuwa na brashi na muda. Kwa kifungu cha saba kilivyo, aliyeandika angetozwa faini mara tatu: amekera, amechukiza, na amepotosha. Mzaha wa kisiasa ukianza kuombwa vyeti, jueni ofisa ameacha kuwafuata matapeli.

Kisha kuna uongo mmoja ambao rasimu haikuugusa kabisa, na ndio ulioenea kuliko wote. Ni ule wa maandishi madogo. Juu: MKOPO BILA RIBA, kwa herufi zenye urefu wa mtoto. Chini kabisa: vigezo na masharti kuzingatiwa. Wote mnayajua maneno hayo. Tumeyasikia mpaka yamekuwa kama kikohozi cha mwisho wa tangazo.

Naomba tupige hesabu. Sisi wachoraji tulikuwa na kanuni: herufi ya sentimita 2.5 husomeka vizuri kwa umbali wa mita 3 hivi. Ukijikamua, mara tatu ya hapo. Kwa hiyo masharti yakiandikwa kwa herufi za sentimita 5, yanasomeka vizuri ukiwa mita 6, na kwa kukodoa macho labda mita 18. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kwa sekunde. Dereva ana chini ya sekunde moja ya kusoma sharti linalosema kwamba riba inaanza mwezi wa pili. Na akiwa na bidii ya kulisoma, basi atagonga mtu.

Bango la namna hiyo halina neno hata moja la uongo, na limepotosha. Lakini hapa halmashauri ina silaha ambayo vyombo vya maadili vya mbali mara nyingi havina: futi kamba yenyewe. Andikeni kwamba sharti lolote linalobadilisha maana ya ahadi liwe na herufi zisizopungua theluthi moja ya urefu wa herufi za ahadi hiyo, na liwe upande uleule wa bango. Hayapatikani mabishano ya ladha hapo. Atakayeona masharti yake ni marefu mno kuandikwa kwa theluthi, aipunguze ahadi. Sijaona rasimu yenye sharti la hivyo, na ningefurahi kuliona hapa kwanza.

Nimalizie na wanaobeba adhabu. Rasimu inasema "mtu yeyote kuweka". Anayeweka ni kijana mwenye ngazi. Mchoraji hana uwezo wa kuthibitisha cheti cha mteja, nami najua, nilikuwepo. Kosa liwe la anayefaidika na dai, na la pili liwe la mwenye nguzo iwapo ameandikiwa barua akanyamaza. Na rufaa isisikilizwe na ofisa yuleyule aliyeshusha bango.

Kuna la pesa pia, nalo ni la aibu kidogo. Halmashauri hutoza ada kwa ukubwa wa bango. Kwa hiyo bango kubwa la uongo linailipa halmashauri kila mwaka, na kibao kidogo cha kweli cha fundi wa redio hakilipi kitu. Ofisa anayetakiwa kuonyesha kazi mwisho wa mwezi atang'oa kipi? São Paulo walilikata tatizo hilo kwa panga: kuanzia 2007, chini ya Meya Gilberto Kassab, matangazo ya nje yalipigwa marufuku yote, na hata vibao vya maduka vikapimwa, jengo lenye uso usiofika mita 10 barabarani likaruhusiwa mita ya mraba moja na nusu. Grenoble, Ufaransa, mwaka 2014 waliamua kutouendeleza mkataba wa mabango na kuyaacha mapato yake. Siwashauri mfike huko. Ila mapato ya mabango na utekelezaji wa kifungu hiki viwe chini ya madawati mawili yasiyoripoti kwa mkuu mmoja.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona katibu ananionyesha saa. Nimeacha nakala ya maandishi yangu mezani kwake, kifungu kimepasuliwa vipande vitatu, mnaweza kukikatakata zaidi.

Neno la mwisho ni ombi. Pale nje, kushoto mwa geti, kuna bango la halmashauri yenyewe. Linasema barabara hii itakamilika ndani ya miezi kumi na nane, na tarehe ya kuanza imeandikwa. Nimehesabu, tuko mwezi wa arobaini na moja. Chini yake kuna maandishi madogo ambayo kutoka kwenye gari sikuweza kuyasoma. Nina futi kamba mfukoni. Wakati wa chai naomba diwani mmoja na mchoraji mmoja tutoke tukayapime.